Wafinalisti, waachieni wadogo zenu urithi wa kicheko

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wetu wa Goma, wa Nyiragongo, wa Masisi na ninyi wote mliohamishwa na vita, leo ninaomba tuzungumze juu ya wafinalisti, wale vijana wetu wanaomaliza humanite.

Kila mwaka tunaona jambo lilelile. Mtihani wa taifa unakwisha, na matokeo yanapotoka kwenye simu kelele zinaanza katika mitaa. Vijana wanamwagiana poda kichwani, wengine wanatumia unga wa nyumbani mpaka mama anauliza bugari ya jioni itatoka wapi. Shati jeupe la shule linaandikwa majina na vichekesho mgongoni. Wanapita barabarani wakiimba, motari anasimama kuwapisha. Sisi wazazi tunafurahi, kwani tunajua kile kilicholipwa ili wafike hapo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini humanite mzazi bado analipa, tena kwa taabu.

Kisha wanatawanyika. Mmoja anaenda chuo kikuu, mwingine anaanza kuuza vocha za simu, mwingine anarudi kijijini kuangalia kama shamba lingali pale. Mdogo wao aliyebaki darasani anabaki na nini? Poda kidogo kwenye nywele, basi.

Maoni yangu ni haya: kabla finalisti hajavua ile sare ya bluu na nyeupe, asimame mbele ya wadogo zake aseme kwa sauti anamwachia nani nini. Sisemi vitu vya kununua. Aachie tabia zake, ujanja wake mzuri, hata kasoro zake, na aseme kwa utani, watu wacheke.

Desturi ya namna hiyo iko mahali pengine. Katika sekondari nyingi za Marekani, wanaomaliza huandika wasia wa kuchekesha katika gazeti la shule ao katika kitabu cha picha cha mwaka. Wanauandika kwa maneno mazito, kama mzee anayegawanya mali mbele ya mwanasheria: mimi fulani, mwenye akili timamu, ninamwachia fulani uwezo wangu wa kuchelewa kila siku bila kuonwa na mkuu wa shule. Familia nyingi za Wakongomani zimepokelewa Marekani kama wakimbizi miaka hii, na watoto wao wamekaa kwenye madarasa hayo. Basi jambo hili haliko mbali nasi kama mtu anavyoweza kufikiri.

Tena utani sisi hatuukopi kwa mtu. Hapa kwetu mjukuu anamwita bibi yake mke wake, na babu anamwambia mjukuu kwamba amemwibia uzuri. Katika maneno hayo ya mchezo mtoto anajifunza yeye ni wa nani. Ninaomba tu kitu hicho kiingie shuleni siku moja kwa mwaka.

Ingekuwaje? Tuchukue mfano. Finalisti wa Pedagojia anasimama anasema: «Mimi, mwenye akili timamu ijapokuwa alama zangu za hesabu zinasema maneno mengine, ninamwachia mdogo wangu wa mwaka wa tatu nafasi yangu karibu na dirisha. Mvua inapoingia, mwalimu anaacha kuuliza maswali na kuanza kutafuta ndoo. Itumie kwa hekima.»

Wa Komersiale anafuata: «Ninaacha kalkuleta yangu. Saba yake ilikufa zamani. Atakayeipokea ajifunze kuandika sita, kujumlisha moja, na kuendelea na maisha.»

Binti wa Biolojia-Kemia anasema: «Ninamwachia mdogo wangu mkono wangu wa kukata ndazi moja vipande vinne vilivyo sawa, hata yule wa nne asilalamike. Ninamwachia pia sauti yangu ya kusema ‘Mwalimu, sijaelewa’ mara tatu bila haya. Mara ya kwanza watakucheka. Mara ya tatu wale waliocheka ndio watakaosikiliza zaidi.»

Na mwingine, ambaye kila mtu anamjua kwa kusinzia: «Ninaacha usingizi wangu wa saa ya historia. Lakini mjue kwa nini nilisinzia. Saa kumi za usiku nilikuwa nimeshika foleni na bidoni ya lita 20. Anayeurithi usingizi huu arithi pia miguu yangu, kwani sikukosa kufika kabla ya kengele.»

Mmeona kitu gani hapo? Watu wanacheka, lakini chini ya kicheko kuna somo: namna ya kugawana, namna ya kuuliza, namna ya kuvumilia bila kuacha shule. Mwalimu akisema maneno hayo asubuhi kwenye mstari, nusu ya watoto wanaangalia viatu vyao. Yaya wao akiyasema kwa mchezo, wanayabeba mpaka nyumbani.

Sasa kwa nini ninasema jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa wengine? Katika mji wenye amani, mwanafunzi anakaa miaka mingi katika shule moja. Anawajua wakubwa, wakubwa wanamjua. Mambo ya shule yanapita kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuandika. Huku kwetu mkono huo umekatwa mara nyingi. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilitapika, na siku chache baadaye mji ukamiminika kuelekea Sake na kwingine. Kisha vita vikajaza Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala shitingi baada ya shitingi. Mwezi wa kwanza 2025 vita vikaingia Goma yenyewe, na mwezi uliofuata kambi zile zikavunjwa, familia zikachukua njia tena. Shule ngapi zililaza watu madarasani? Watoto wangapi wamebadilisha shule mara tatu katika miaka miwili?

Mtoto wa namna hiyo anaingia darasa jipya, hana yaya anayemfahamu. Hakuna wa kumwambia mwalimu yupi ni mkali kwa mdomo tu, wala mahali pa kusomea taa ikizimika. Hakuna wa kumweleza mtihani wa taifa wenyewe uko vipi: kwamba kuna kipindi cha kwanza chenye insha ya Kifaransa, na baadaye zile siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Mtihani huu uko tangu 1967, wazazi wengi waliupitia, lakini mtoto aliyetengwa na wazazi wake atamwuliza nani?

Ndiyo maana ningependa kumsikia finalisti aliyehamishwa akisema wasia wake naye. Ningependa kumsikia akisema: «Ninamwachia mdogo wangu mfuko huu wa nailoni. Usiucheke. Ndani yake buletini zangu zimekimbia mara tatu bila kulowa. Nilisahau sufuria, nilisahau hata kiatu kimoja, mfuko huu sikuusahau. Siku walipoomba karatasi za kuniandikisha kwenye mtihani, nilikuwa nazo.» Ndugu zangu, huo ni urithi. Ni watoto wangapi wamepoteza mwaka kwa sababu buletini zilibaki katika nyumba iliyochomwa? Mdogo anayesikia maneno hayo atatafuta nailoni jioni hiyohiyo.

Ninajua wengine watapinga. Wa kwanza atasema: huu si wakati wa kucheka, watu wamezika. Ninamheshimu mtu huyo, na pengine amezika kuliko mimi. Lakini nendeni penye matanga. Usiku, wakati watu wamekaa kuzunguka moto, wajukuu wanaanza kuiga namna mzee alivyotembea, namna alivyokuwa anagombana na mbuzi wake. Wanacheka na machozi yangali usoni. Hakuna anayewafukuza, kwa sababu wote wanafahamu kwamba kumwiga mtu ni kukataa apotee. Shule iliyotawanyika inahitaji jambo hilo pia. Tena ningeomba kila darasa liache sehemu ya wasia kwa ajili ya mwenzao ambaye hakufika kwenye mtihani, aliyekufa ao asiyejulikana aliko. Mwenzake aseme: huyu angewaachia kicheko chake kirefu, basi ninakitoa kwa niaba yake.

Wa pili atakayepinga ni prefe. Atasema: nikiwapa watoto nafasi hiyo watanitukana mimi na walimu wangu. Hofu hiyo ina sababu, utani bila mipaka unageuka matusi. Basi mipaka iwekwe mapema. Ya kwanza: mtu aachie kilicho chake, asigawe aibu ya mwingine. Anaweza kuucheka uvivu wake mwenyewe. Hawezi kumcheka mwenzake aliyekuja na viatu vya kuazima. Ya pili: hakuna neno juu ya kabila, juu ya lugha ya mtu, juu ya kambi aliyotokea, wala juu ya mwili wa msichana. Tunajua katika eneo hili maneno ya namna hiyo yanafikisha watu wapi. Ya tatu: kila anayepokea awe na haki ya kujibu. Mdogo akisema «Asante yaya, lakini usingizi wako ubaki nao», watu watacheka mara mbili.

Mwalimu mmoja asikilize kwanza kile kila mtu ameandaa. Inatosha. Asikate kila kitu, la sivyo wasia utageuka hotuba.

Kuna urithi mwingine ambao ninawaomba wafinalisti wasiuache kwa mtu. Wauchukue waondoke nao, wautupe mbali. Ile tabia ya kufikiri kwamba alama zinanunuliwa. Ile ya kuingia mtihanini na vikaratasi kwenye soksi. Ile ya mwanamume mkubwa kumwambia msichana kwamba kuna njia fupi ya kupata alama. Wasichana mnaomaliza, waambieni wadogo zenu waziwazi kwamba njia hiyo haifiki popote, na wamwambie nani jambo hilo likiwatokea. Na ninyi wavulana, wadogo zenu wanawaangalia. Mkisema kwa sifa kwamba bunduki inalipa haraka kuliko diplomu, kuna mtoto wa miaka kumi na nne nyuma yenu aliyesikia, naye hatajua kwamba mlitania.

Na gharama? Hapa wazazi mnisikilize. Kila mwisho wa mwaka tunaombwa mchango wa sherehe: vinywaji, muziki, nguo za kufanana. Familia inayoishi chini ya shitingi inatoa wapi? Mtoto wake anajificha siku hiyo, anasema kichwa kinamwuma. Wasia wa kicheko hauombi hata faranga moja. Unaomba nusu saa, kivuli cha mti ao darasa moja, na watu wa kusikiliza. Aliyehamishwa na aliyebaki kwao wanasimama sawa, na pengine aliyehamishwa ana mengi zaidi ya kuacha.

Kwa wale ambao wenzao wako mbali, Minova, Bukavu, Beni ao ng'ambo ya mpaka, simu zipo. Sauti ya dakika moja inatumwa kwa WhatsApp, inachezwa mbele ya darasa. Redio za mitaa nazo zinaweza kutoa robo saa mwisho wa mwaka wa shule, wasia wa vijana usikike mpaka kwenye nyumba zinazopokea familia zilizokimbia. Huenda mama mmoja atatambua sauti ya mtoto wa jirani aliyedhani hayupo tena.

Basi maprefe, tengeni nusu saa hiyo kabla ya shule kufungwa. Wazazi, msiogope watoto wakicheka kwa sauti. Nanyi wafinalisti, mnapomaliza kurudia masomo leo jioni, chukueni kipande cha karatasi muandike mistari mitatu: jina la mdogo mmoja, kitu kimoja mnachomwachia, na jambo moja litakalomchekesha. Karatasi hiyo iwekeni pamoja na buletini, ndani ya nailoni.