Sachsenhausen Inatuhusu Pia

Husikia watu wakisema kambi za Wanazi ni habari za Wazungu. Sikubali. Nimefika Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, nikaona njia ambayo wafungwa walitembezwa hadi kilomita 40 kwa siku kupima soli za viatu. Mzee mmoja Myahudi, manusura, alitusimulia walivyosimamishwa kwenye theluji wakihesabiwa, wafu wakilazwa kando yao.

Humo ndimo alimofia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari wa Wajerumani utotoni, kisha mwalimu wa Kiswahili Berlin. Alikamatwa 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu. Akafa Novemba 1944.

Chuki iliyoua Wayahudi milioni sita haikumsaza Mswahili. Walimu wa historia, mtajeni Husen darasani.