Mtusikilizishe na Zile Sita: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: KANDA ZA MATANGAZO YA MPIRA NA WATU WANAOIKUMBUKA MIPIRA HIYO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ifikapo Julai 19, 2027 itakuwa imetimia miaka 50 tangu Simba walipotuchapa mabao 6-0. Nasema "walipotuchapa" kwa sababu mimi ni Yanga, tena Yanga wa kurithi, kwa hiyo usidhani barua hii imeandikwa na mtani anayetafuta pa kuchekea. Ombi langu ni kwamba siku hiyo TBC Taifa iturushie matangazo ya mechi ile kama Radio Tanzania ilivyoyatangaza, tangu filimbi ya kwanza mpaka goli la mwisho. Ndiyo, mpaka la sita. Na ili tusionekane tumewapendelea watani, Juni 1, 2028 mturushie na zile tano tulizowafunga mwaka 1968, wakati ule wao bado wanaitwa Sunderland. Hizo nazo zitakuwa zimetimiza miaka 60.

Kama kanda hizo zimo kwenye maktaba yenu, wananchi tuambiwe zimo. Kama hazimo, tuambiwe pia, maana lipo jambo la pili ambalo bado linaweza kufanyika na ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye haraka zaidi. Nitalifikia.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, sisi tulikuwa na masikio. Kijana wa leo anayo fainali yetu na USM Alger ya mwaka 2023 kwenye simu, anaitazama kwenye daladala, anairudisha nyuma, anagombana na mwamuzi upya. Mimi ya kwangu yote ya ujana niliisikia. Hata fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, Simba walipokwenda Abidjan wakatoka 0-0 na Stella, wakarudi nyumbani kombe likiwa mlangoni wakafungwa 2-0, ilipita miezi michache tu kabla ya televisheni kuingia Bara. Siku ile, nakiri kwa moyo safi, Wanayanga wengi tulikuwa Stella.

Redio yenyewe ilikuwa na kazi zake. Mawe yalikuwa ghali, kwa hiyo asubuhi ya mechi yalianikwa juani juu ya bati ili yapate nguvu ya kufika dakika ya 90. Mtangazaji alianza kwa kutupa ramani: Yanga wanashambulia kutoka kulia kwenda kushoto mwa redio yako. Mjomba wangu, kila tulipobanwa sana golini kwetu, aliigeuza redio ikatazama ukuta. Hakuwa anatania. Halafu sauti ya Ahmed Jongo ikitoka pale, mtu wa Songea na mtu wa Kigoma waliona uwanja ule ule ambao hawajawahi kuukanyaga. Nimewahi kukaa na mzee aliyenichorea mchangani chenga ya Sunday Manara, hatua kwa hatua, bega likienda huku na mpira kule, na Manara mwenyewe hakuwahi kumwona kwa macho. Tulimwita Kompyuta. Alikwenda kucheza mpira wa kulipwa Uholanzi wakati wengi wetu tulikuwa hatujui kompyuta ni mdudu gani. (Na mwanawe Haji amekuja kuzisemea timu zote mbili, Simba kisha Yanga, jambo ambalo kwa mujibu wa mjomba lisingewezekana.)

Turudi kwenye zile sita. Magazeti yametuachia dakika: Abdallah Kibadeni, King Mputa, alifunga ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan Masimenti akafunga ya 60 na ya 73. Katikati hapo, dakika ya 20, Selemani Sanga wetu akajifunga. Mabao matatu ya Kibadeni kwenye mechi ya watani yanatajwa mpaka leo kila msimu timu hizi zinapokutana. Hayo yote yameandikwa na hakuna anayebisha. Yasiyoandikwa ni haya: jirani yetu wa Simba, mtu mpole aliyekuwa akija kuomba chumvi kwa sauti ya chini, tangu siku ile alianza kupiga hodi sita. Hodi, hodi, hodi, mpaka sita zitimie, ndipo anyamaze asubiri kukaribishwa. Aliendelea hivyo mwaka mzima, hata siku alipokuja kutupa pole ya msiba. Na mama yangu, ambaye mpira haukuwa unamhusu, ndiye aliyekuwa akimjibu karibu moja tu, kwa sauti ya mtu aliyefungwa.

Sisi nasi tunao utetezi wetu, na ninaomba urekodiwe. Mwaka 1976 Yanga ilipasuka. Wachezaji wengi wazuri waliondoka, ikazaliwa Pan African. Mwanayanga yeyote wa umri wangu atakwambia kwamba waliofungwa sita ni mabaki, Yanga yenyewe ilikuwa imehamia kwingine. Mtu wa Simba atakwambia jezi ilikuwa ya njano na kijani, mengine hayamhusu. Mabishano hayo yana karibu miaka 50 na ndani yake imo historia ya mji huu, nani alikuwa upande gani katika mgogoro ule, mtaa upi ulihama na Pan na upi ulibaki. Kitabu cha matokeo kimeandika 6-0 kikafunga ukurasa.

Nyamagana ni hadithi nyingine. Agosti 10, 1974, Simba na Yanga walikutana Mwanza kuwania ubingwa wa taifa. Adam Sabu akawatanguliza Simba mapema, na mpaka dakika ya 87 ubingwa ulikuwa wao. Hapo ndipo Gibson Sembuli, mtu wa mashuti, akasawazisha. Mpira ukaingia dakika za nyongeza, Sunday Manara akapachika la pili. 2-1. Hilo shuti la Sembuli nimelisikia likisimuliwa kutoka umbali wa kila aina. Kuna anayesema alikuwa nje kidogo ya kumi na nane. Kuna anayemweka karibu na duara la kati. Kila msimulizi anapozeeka, Sembuli anarudi nyuma hatua chache, na nikijaliwa umri nitamsikia akipiga kutoka ng'ambo ya ziwa. Sitaki mtu aje kutusahihisha kwa nguvu. Nataka kusikia mtangazaji alisema nini sekunde ile, kisha nisikie na wazee wa Mwanza waliokuwa wamekaa pale juani wanasemaje, vyote viwili.

Kwa nini vyote viwili? Tazama mwaka 1979. Katika mwaka huo mmoja Zambia ilitupa mechi mbili za kusimulia. Kwanza Simba, katika Klabu Bingwa Afrika, walipigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Wakaenda Lusaka wakashinda 5-0, Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili, wakasonga mbele. Kwa Mwanayanga ile ni aibu ya aina yake, kwa sababu tulikuwa tumeshacheka. Halafu Agosti ikaja zamu ya taifa. Taifa Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1-0 nyumbani, tukaenda Ndola wakatutangulia 1-0, na dakika za lala salama Peter Tino akasawazisha. Tukaenda Nigeria, fainali za Afrika za 1980. Tulifungwa na wenyeji 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ndiyo hayo. Tulikuja kufuzu tena mwaka 2019, na miaka yote 39 ya katikati tuliishi na goli la Tino.

Sasa kaa kijiweni leo usikilize. Mechi hizi mbili zimeungana. Kuna wazee, watu wenye akili timamu, wanaokwambia Tino alifunga Lusaka, au kwamba Thuwein ndiye aliyetupeleka Nigeria. Thuwein kweli alifunga Nigeria, dhidi ya Misri na dhidi ya Ivory Coast, kwa hiyo unaona njia kosa lilipopita. Mwanahistoria mwenye haraka atasema kumbukumbu za mashabiki hazifai. Mimi naona kinyume. Mechi zile zilisikika kwenye redio ile ile, chumba kile kile, ndani ya miezi michache, na furaha ya Mtanzania wa wakati ule haikuwa na kabati la kutenganisha klabu na taifa. Kosa lenyewe linasema jambo. Lakini ili lionekane kuwa ni kosa, na ili mjukuu aelewe lilivyozaliwa, lazima sauti ya siku ile iwepo pembeni yake.

Najua kanda zilikuwa za kuagizwa nje na fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Najua redio nyingi duniani zilikuwa zikirekodi habari mpya juu ya zamani. Hata BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta vingi ambavyo leo inavijutia. Kwa hiyo sitamlaumu fundi wa Radio Tanzania wa mwaka 1977 kama aliihitaji kanda ya mpira kwa taarifa ya habari. Lakini muziki tuliutunza. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania kwa kuwa studio nyingine zilikuwa za kuhesabu, na leo tunasikia NUTA Jazz na Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe kwa sababu mtu fulani pale alijali masanduku. Hotuba za Mwalimu zipo. Mpira ulikusanya watu wengi kuliko dansi, na mimi ni mtu wa dansi. Basi naomba shirika litoe orodha, ya wazi, inayoonyesha kanda za mipira zilizopo, mwaka na timu. Hata kama ni ukurasa mmoja. Hata kama ni nusu kipindi cha mechi ambayo hakuna anayeijali.

Lile jambo la pili ni watu. Mtangazaji Charles Hilary alifariki Mei 2025, na pamoja naye sauti moja ya zama zile. Watangazaji angalau huhojiwa. Wachezaji huhojiwa pia, japo mara nyingi baada ya kuugua, pale inapotafutwa michango. Wasiohojiwa ni sisi tuliokuwa upande wa pili wa redio na kwenye mizunguko ya viwanja. Mchezaji anakumbuka mguu wake. Ukitaka kujua Kariakoo ilikuwaje jioni ya Julai 19, nani alifunga duka mapema, nani aliwekeana dau la baiskeli na akatembea kwa miguu mpaka Krismasi, mchezaji hawezi kukwambia, alikuwa bafuni.

Tena msiishie Msimbazi na Jangwani. Nendeni Morogoro mkawatafute waliokuwepo Mseto ilipochukua ubingwa wa 1975 na kuutoa Dar es Salaam. Nendeni Tanga kwa watu wa Coastal Union ya 1988. Zaidi ya yote nendeni Tukuyu. Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na msimu huo huo wa 1986 wakawa mabingwa wa nchi, kutoka mji mdogo wa mvua na migomba. Jambo hilo lingekuwa limetokea Uingereza tungekuwa tunalikariri darasani. Sisi tunalo hapa Rungwe, na walioliona wana miaka sitini, sabini, themanini. Na wahojini wanawake. Mama ntilie wa nje ya Uwanja wa Taifa alijua matokeo kwa mlio wa watu kabla mtangazaji hajamaliza sentensi, na anajua upande upi ulikula kwa mkopo ukaondoka.

Kazi hii haihitaji studio mpya. Inahitaji kinasa sauti, kijana mwenye subira, nauli, na ruhusa ya kuwaacha wazee wabishane bila kukatizwa wala kuwekewa muziki chini. Mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda ndio wenyeji wa AFCON. Wageni watakuja na kamera watuulize mpira wetu ulitoka wapi. Ingefaa tuwe tumeshaulizana wenyewe.

Mimi na wenzangu wa kijiwe cha Temeke tuko tayari wakati wowote baada ya swala ya alasiri, isipokuwa siku za mechi. Tuko Yanga wanne, Simba watatu, na mmoja wa Pan African ambaye hajakubali kuhama. Huyo muanze naye, ndiye mkubwa wetu kwa umri na kifua chake hakimwendei vizuri msimu wa mvua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Shabiki wa Yanga,
Temeke, Dar es Salaam.

Nakala:
Rais, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF)
Makatibu, matawi ya Simba na Yanga, Temeke
Jirani wa hodi sita, popote alipo