Mwendokasi: Barabara ipo, basi liko wapi?

Kama unaishi Chamazi na kazi yako iko Posta, kila asubuhi una safari tatu: boda au bajaji hadi Rangi Tatu, basi hadi mjini, kisha mguu mpaka ofisini. Asiye na gari Dar es Salaam anaweza kupanga vyote isipokuwa kimoja: basi litafika saa ngapi?

Mwendokasi ulianza Mei 2016 kwa njia ya Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, takriban kilomita 21. Faida ilionekana mapema. Basi lenye njia yake halikai foleni na magari binafsi pale Magomeni.

Lakini njia tupu haimfikishi mtu kazini. Awamu ya kwanza ilipangiwa mabasi 305, ikaanza na 140. Mbagala nako lami ilikaa tayari miezi mingi ikisubiri. Mabasi yalianza Oktoba 2025.

Kwa nini inajirudia?

Barabara na mabasi havitoki mfuko mmoja. Barabara inajengwa na serikali kwa mikopo: awamu ya kwanza Benki ya Dunia, ya pili Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ina mkandarasi na tarehe ya kukabidhi. Mabasi yanamsubiri mwendeshaji, mkataba wake na mtaji wake. Kimoja kikichelewa, kingine kinabaki pambo.

Piga hesabu

Tuseme basi moja refu linabeba watu 150. Likipita kila baada ya dakika 3, kwa saa moja yanapita mabasi 20, yaani watu 3,000. Likipita kila baada ya dakika 10, ni mabasi 6, watu 900. Hao 2,100 waliobaki ndio unaowaona wakigombania mlango, au wameshakata tamaa na kuita boda.

Na kusubiri kuna bei. Wapanda daladala wanaijua: mtu anageuza na gari, analipa nauli mara mbili, anarudi nalo hadi mwisho wa njia ili tu apate siti. Hanunui anasa huyo. Ananunua uhakika wa kufika kazini kabla bosi hajauliza.

Mwenye kipato kidogo ndiye analipa zaidi hapa. Kibarua anayefika saa mbili na nusu badala ya saa moja anaweza kukuta nafasi imeshachukuliwa.

Swali la kuuliza sasa

Awamu nyingine zinakuja, ikiwemo ya Gongo la Mboto na ya Barabara ya Bagamoyo. Tumezoea kuuliza ujenzi umefika asilimia ngapi. Tuongeze mawili: siku ya kwanza yataingia mabasi mangapi, na yatapita kila baada ya dakika ngapi?

Abiria wa Rangi Tatu hapandi lami. Anapanda basi.