Nyumba ya Kupangisha: Tuhesabu Kabla ya Kujenga

Baba wengi wa jamaa katika Makiso, Mangobo na Kabondo wana shauri moja: kujenga nyumba ndogo kiwanjani mwao, waipangishe, wapate riziki siku za uzee. Shauri hilo ni jema, wala hatulipingi. Mshahara hukoma, nyumba husimama. Walakini wengi huhesabu yaingiayo peke yake, wasihesabu yatokayo. Leo twataka kuyahesabu yote mawili.

Kwanza, kodi ya Serikali. Sheria ya tarehe 10 Februari 1969 iliweka kodi juu ya mapato ya pango, na Katiba ya mwaka 2006 ikaiweka miongoni mwa kodi za majimbo. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni 22 kwa mia. Mara nyingi mpangaji, hasa akiwa kampuni au shirika, hukata 20 kwa mia kabla ya kumlipa mwenye nyumba, akazipeleka mwenyewe Serikalini. Neno la kushika sana ni hili: kodi hiyo hutozwa juu ya pango lote lililopokewa, siyo juu ya faida inayobaki baada ya gharama.

Tutoe mfano. Mwalimu mmoja amejenga nyumba kwa dola 8,000, naye aipangisha kwa dola 100 kila mwezi. Moyoni amekwisha andika dola 1,200 kwa mwaka. Lakini mpangaji akahama, nyumba ikakaa tupu miezi miwili, akapokea 1,000. Kodi yake ni 220. Mabati yametoboka, choo kimejaa, matengenezo yamekula 400. Zimebaki 380. Kwa mwendo huo fedha zake zitarudi baada ya miaka 21. Je, kama nusu ya fedha za kujengea alizikopa, na riba ya mwaka ni dola 500? Basi mwaka huo amepoteza dola 120, na deni lenyewe bado lipo. Hata hivyo zile 220 za kodi hazikupungua hata senti moja. Hasara ni yake peke yake.

Nchi nyingine zina desturi nyingine. Huko Australia, kwa miaka mingi, mwenye nyumba aliyepata hasara ya pango aliweza kuitoa katika mapato yake mengine, kodi ya mshahara wake ikapungua. Kenya, tangu Januari 2024, mwenye nyumba za kukaa watu, ambaye pango lake halizidi kiasi kilichowekwa na sheria, hutozwa 7.5 kwa mia ya pango lote, wala gharama hazitolewi. Kwa hiyo mtu asijenge Kisangani kwa kufuata hesabu aliyosimuliwa na ndugu yake aliye ng'ambo.

Pili, hatari zisizoandikwa katika daftari la kodi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Mwenye karatasi ya mauzo tu, aliyoandikiana na jirani, amejenga juu ya mchanga.

Tena mji wetu wajua vita. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita, na nyumba nyingi zikabomoka. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya miaka ya 1998 hadi 2003, na katika hizo milioni 40 ni kwa ajili ya mali. Kati ya bomu na hukumu ilipita miaka zaidi ya 21! Na mwaka 2023, huko Lubunga, ugomvi wa Wambole na Walengola uliteketeza nyumba za watu. Nyumba iliyoungua haina mpangaji.

Fedha nazo hubadilika. Mwezi Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Aliyepatana pango la mwaka kwa fedha ile alibaki na makaratasi.

Basi tufanyeje? Hesabu miezi kumi ya pango, siyo kumi na miwili. Weka akiba ya matengenezo kila mwezi, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Usikope fedha ambazo pango la mwaka mbaya haliwezi kulipa. Uliza ofisi ya mapato ya jimbo kiwango cha mwaka huu, na mpangaji akikata kodi, mdai hati ya malipo, usije ukadaiwa mara ya pili. Na ile garanti, ambayo sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza isipite miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, usiile: ni amana ya mpangaji, siku ya kuhama ataidai.

Baba na mama wakae pamoja na hesabu hii kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Vyumba viwili visivyo na deni huwalisha wazee kuliko sita vilivyowekwa rehani.