Eropleni ya Mti na Nguo



Wiki hii nimepata barua kutoka Ruangwa, imeandikwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Ndani ya bahasha amekunja picha iliyokatwa katika kitabu cha zamani. Yaonyesha bawa la eropleni lililovuliwa nguo yake. Mbavu nyembamba za mti zimepangwa kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, na kando yake watu wawili wanachana kitambaa. Chini imeandikwa kwamba ni eropleni ya kufundishia wanafunzi, isiyo na injini. Kijana auliza mambo mawili. Je, yawezekana mtu kuruka angani kwa mti na nguo, tena bila injini? Na kwa nini watu hao wanachana nguo ambayo kwa macho yaonekana bado nzima?

Halafu mwisho wa barua, kwa maandishi madogo zaidi, aeleza linalomsumbua. Alikuwa akijifunza kazi kwa fundi wa makochi huko Nachingwea. Siku moja likaletwa kochi la kuvikwa kitambaa kipya. Fundi akamwambia apigilie kipya juu ya kile cha zamani, maana mwenyewe angelifuata kesho yake. Kijana akalichana lote mpaka kwenye mbao, akakuta mguu mmoja wa nyuma umeliwa na bungua, umebaki unga mtupu. Fundi akamfukuza kwa ukaidi. Mama yake amwambia arudi akaombe radhi. Yeye hataki. “Je, Mzee, nimekosa?”

Shikamoo yako, mwanangu, marahaba. Swali lako la mwisho nitalijibu, lakini niache kwanza niseme habari ya eropleni, kwa sababu hao watu wa katika picha wanafanya kazi ileile uliyofukuziwa wewe.

Ninyi wa Ruangwa na Nachingwea mnamjua mwewe. Wakati wa kuchoma mashamba, kabla ya mvua, mwewe huja juu ya moshi na kuzunguka. Hapigi mabawa, naye apanda tu. Hewa yenye joto hupanda juu, naye amelala juu yake. Eropleni isiyo na injini ni hivyohivyo. Yenyewe sikuzote yateremka polepole, kama baiskeli inayoshuka mlima bila kukanyagwa pedali. Lakini ikiingia katika hewa inayopanda upesi kuliko yenyewe inavyoshuka, basi yapanda pamoja na hewa hiyo. Hapa kwetu Tanzania bwana mmoja Mwingereza, Colin Pennycuick, mtaalamu wa ndege wenye manyoya, alifuatana na tai wa Serengeti angani kwa chombo cha namna hiyo, akaandika habari zake mwaka 1972. Chombo chake kilikuwa na injini ndogo ya kumwinua kutoka chini. Akifika juu aliizima, akazunguka na tai hewani.

Wa kwanza kuruka mara nyingi kwa mabawa ya nguo alikuwa Otto Lilienthal, Mjerumani. Alianza mwaka 1891, akiteremka vilima huku ananing’inia katika fito zilizofunikwa kitambaa cha pamba. Aliruka zaidi ya mara elfu mbili. Mwaka 1896 upepo ulimwangusha, akafa kesho yake. Baada yake wengi wameendelea. Huko Uingereza Fred Slingsby, aliyekuwa na karakana ya useremala na samani mjini Scarborough, alijiundia eropleni isiyo na injini karibu na mwaka 1930, na baadaye kiwanda chake kikaziunda nyingi za kufundishia. Nalitaja neno la samani makusudi, mwanangu. Mkono unaojua kuunga kiti ulijua pia kuunga bawa.

Fikiri sasa ni nani anayekaa ndani ya chombo hicho. Si rubani mzee. Ni mwanafunzi. Vijana wa Kiingereza walirushwa peke yao wakiwa na miaka 16, na vyombo vya Slingsby vya mti na nguo viliwabeba mpaka katikati ya miaka ya 1980. Wajerumani walikuwa na chombo chao cha mwaka 1938, SG 38, chenye kiti kimoja tu. Mwanafunzi alikaa wazi mbele, hana ukuta, hana mwalimu nyuma yake, na wenzake walimrusha kwa kuvuta kamba ya mpira wakikimbia kuteremka kilima. Mtoto wa watu, siku yake ya kwanza, naye hajui bado kusikia kama mti unalia vibaya.

Siku hizi vyombo vingi vya kufundishia huundwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu. Lakini vile vya zamani havikutupwa vyote. Wako watu wanaovitengeneza upya na kuvirusha. Uingereza wana chama chao tangu mwaka 1973. Picha yako ni ya kazi hiyo, nami nitaieleza kwa utaratibu wake.

Nguo ya bawa si pambo. Hewa yasukuma nguo, nguo yasukuma mbavu, mbavu zasukuma mhimili mkubwa unaopita ndani ya bawa toka ncha hadi kifuani, na mhimili ndio unaombeba mtu. Zamani ilikuwa nguo ya kitani au pamba. Ukiishika waweza kudhani ni amerikani nzuri. Siku hizi wengi hutumia nguo ya poliesta, maana haiozi upesi. Jua ndilo adui. Kitambaa kilichopigwa na jua miaka mingi huonekana kizima, lakini kidole kikikisukuma chapasuka. Ndiyo sababu juu yake hupakwa rangi yenye unga wa alumini, kama rangi ya fedha, ili jua lisipenye.

Lakini hata kama nguo ni nzima, fundi mwenye akili huivua. Yeye haogopi nguo. Aogopa kisichoonekana chini yake. Vyombo vya zamani viliungwa kwa gundi iliyotengenezwa kwa maziwa. Ni gundi kali sana ikiwa kavu, lakini ikilowa muda mrefu huota ukungu, na ukungu huila. Ukitazama kiungo chaonekana kimekaa. Ukiingiza kisu chembamba, chafunguka kama kurasa za kitabu. Maji huingia kwa tundu dogo, yakateremka mpaka ukingo wa nyuma wa bawa, yakakaa pale mwaka baada ya mwaka katika giza. Basi fundi apita na taa na kioo kidogo, ubavu kwa ubavu. Agonga kwa kidole na kusikiliza. Anusa. Plaiwudi iliyobadilika rangi huikwangua. Ubavu uliovunjika huukata kwa mshazari mrefu na kuunga mti mpya wa namna ileile, wenye nyuzi zilizonyoka. Kazi hii ndiyo ndefu kuliko zote, na haionekani kabisa chombo kikiisha.

Na kabla nguo mpya haijawekwa, mkaguzi huitwa. Aangalia mifupa ikiwa wazi, kisha huandika jina lake. Nguo ikifunika hakuna atakayeona tena kwa miaka mingi, labda ishirini.

Kisha huja kazi ambayo akina mama wasomaji wangu wataielewa kuliko mimi. Nguo hukatwa na kushonwa, huvalishwa bawa kama foronya ya mto, hubandikwa kingoni. Katika mabawa mengi hufungwa pia kwa kila ubavu: sindano ndefu hupita toka juu hadi chini, huzunguka ubavu, hurudi, na kila mshono hupigwa fundo lake, ili mmoja ukikatika mwingine usifunguke. Uzi hupakwa nta. Juu ya mishono hubandikwa utepe wenye meno kama ya msumeno pembeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya wanawake wa Uingereza walifanya kazi hii viwandani.

Nguo ikiwa bado imelegea hukazwa. Mwajua jinsi wapigaji wanavyoweka ngoma karibu na moto ngozi ikaze? Nguo ya poliesta hukazwa kwa pasi ya moto, kwa kipimo. Nguo ya kitani au pamba hupakwa dawa ambayo mafundi huiita dopu, tabaka baada ya tabaka, nayo ikikauka huivuta nguo mpaka inalia kama ngoma. Dawa hiyo yashika moto upesi sana na harufu yake yaumiza kichwa, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko karibu. Na ikikazwa kupita kiasi, hupinda mbavu zilezile ulizotengeneza kwa jasho.

Mwisho chombo hupimwa uzito. Hapa wengi wenye haraka hukosea. Rangi ya ziada mkiani ni kitu kidogo, lakini mkia uko mbali. Kama mkia uko mbali mara nne kuliko kiti cha rubani, kilo moja ya rangi huko yataka kilo nne mbele ili chombo kisawazike. Asiyepima humpa mwanafunzi chombo kinachoinua pua yake chenyewe.

Wala msidhani hofu ya gundi ni ya huko Ulaya kwenye baridi. Mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji, Waingereza walileta eropleni za mti na nguo mpaka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ili kuitafuta. Zile za mwezi wa Februari zilikuwa zimeundwa vizuri, lakini joto na unyevu wa pwani yetu uliharibu gundi na mbao, zikashindwa kazi. Ilibidi waletewe nyingine. Manowari iliangamizwa Julai 11 mwaka huohuo.

Nanyi wa Nachingwea, wazee wenu wanayo habari ya karibu zaidi. Katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao ndio uliowapa uwanja wa ndege, Waingereza walinunua matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Mengi yalikuwa yamechoka ndani, yakaharibika upesi kabla ya kufyeka msitu uliotakiwa. Mwezi wa Januari 1951 serikali yao ilikiri kwamba mpango umeshindwa. Najua sababu zilikuwa nyingi, mvua na udongo pia, wala sitaki kuzitia zote kwenye matrekta. Lakini nani aliyafungua akatazama, kabla ya kulipa?

Nami nisijifanye mwema. Miaka iliyopita nilinunua kiti kwa fundi mmoja, kitambaa chake cha maua kizuri ajabu. Sikukigeuza hata kukitazama chini. Siku aliyokuja mama mkwe wangu nilimkaribisha hapo kwa heshima. Mguu ukakatika. Hakuumia, Mungu asifiwe, lakini tangu siku hiyo akija kwetu hukaa mkekani, na mkeke wenyewe huukunjua mwenyewe.

Haya, mwanangu, jibu lako. Ulipotazama mbao hukukosa. Mguu ule ungemwangusha mtu, labda mtoto, labda mama mja mzito. Lakini kuna jambo hukuliona, au uliliona ukalipita. Kochi halikuwa lako wala la fundi wako. Wale watu wa katika picha hawavui nguo ya chombo cha mwingine bila mwenyewe kujua. Kwanza humwambia: tutafungua, tukikuta uovu gharama itazidi, je, waridhia? Wewe ulichana kwanza ukasema baadaye, na fundi akabaki na aibu mbele ya mteja wake, na siku imepotea.

Kwa hiyo nenda Nachingwea kama mama yako asemavyo. Nenda na mtu mzima, baba mdogo au mjomba, usiende peke yako. Omba radhi kwa kuchana bila ruhusa. Kwa kuutazama mguu usiombe radhi. Kisha mwambie kwamba utautengeneza mguu ule mwenyewe, bila malipo, kwa mninga au mti mwingine ambao bungua hawaupendi. Akikataa, umekwisha fanya lako, na Ruangwa nako hakukosi maseremala wanaotaka kijana wa namna yako.

Picha yako nakurudishia katika bahasha. Nyuma yake nimekuandikia jina la Kiswahili la kila kiungo nilichoweza. Viwili vimenishinda: kile kipande kidogo cha pembe tatu kinachoshika ubavu kwenye mhimili, na ule ukingo wa nyuma uliochongwa mwembamba kama upanga. Wazee wa useremala huko Ruangwa wakiwa na maneno yao, niandikie.