Bahasha Ndogo za Kuwekea Mbegu

Mvua za masika zikaribiapo, katika nyumba nyingi za wakulima hufunguliwa vitambaa vilivyofungwa fundo tangu siku za mavuno. Mara nyingi ndani yake hutoka mbegu ambazo hakuna ajuaye tena asili yake. Je, haya ndiyo maharagwe yaliyostahimili ukame, au ni yale yaliyonyauka? Nyanya hizi ni za mwaka jana, au za mwaka juzi? Basi mkulima hupanda kwa kubahatisha, na akikosea hatambui ila baada ya wiki nyingi, nayo mvua haimngojei mtu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mbegu ni mali. Tena fedha ikipotea huweza kutafutwa, lakini mbegu iliyorithiwa kwa bibi ikipotea huenda isipatikane katika duka lo lote.

Dawa ya hasara hii ni bahasha ndogo ya karatasi, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuitengeneza. Isidhaniwe kuwa kazi hiyo ni ya mitambo tu. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1840, gharama ya barua ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Kwa sababu hiyo watu waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Mwaka huo ilipowekwa ada ya peni moja kwa barua nyepesi, bahasha zikaenea, nazo zilikunjwa kwa mikono. Mwaka 1845 ndipo Edwin Hill na Warren De la Rue walipopata hataza ya mashine ya kuzikunja.

Ukurasa mmoja wa daftari watosha kwa bahasha moja. Karatasi ya kaki ni bora zaidi, kwa kuwa ni imara. Gazeti huchanika upesi. Karani naye aweza kutumia karatasi zilizokwisha andikwa upande mmoja, mradi zisiwe na siri za ofisi.

Karatasi hukatwa iwe na upana wa sentimeta 17 na kimo cha sentimeta 13. Kwa rula, mistari miwili huchorwa kutoka juu hadi chini: wa kwanza sentimeta 8 kutoka ukingo wa kushoto, wa pili sentimeta 16. Sehemu ya kushoto hukunjwa juu ya sehemu ya katikati, na ule ukanda wa sentimeta 1 uliobaki kulia hupakwa gundi na kubandikwa juu yake. Hapo hupatikana mfuko ulio wazi juu na chini. Kisha upande wa chini tabaka moja tu hukatwa sentimeta 1 na nusu, na tabaka lililobaki hukunjwa na kubandikwa kwa gundi, ili mbegu ndogo zisivuje pembeni. Upande wa juu hukatwa vivyo hivyo sentimeta 2, na ulimi uliobaki ndio kifuniko.

Gundi hupikwa kwa kijiko cha unga wa ngano na maji robo kikombe. Unga hukorogwa kwanza katika maji baridi, kisha huwekwa motoni hadi uwe mzito. Sharti ipakwe kidogo tu, na bahasha iachwe siku nzima ikauke, maana gundi ya unga huvuta wadudu, na unyevu wake hudhuru mbegu.

Maandishi huandikwa kabla ya kutia mbegu, tena kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ukipata maji. Huandikwa jina la mbegu, shamba ilikotoka, mwezi na mwaka wa kuvunwa, na tabia yake, kama vile kustahimili jua au kukomaa upesi.

Hata hivyo bahasha haiwezi kuiponya mbegu mbichi. Sharti mbegu ianikwe kivulini penye hewa mpaka ikauke kabisa. Haragwe lililokauka vema huvunjika likipigwa, wala halibonyei. Kwa kuwa karatasi hupitisha unyevu, bahasha zote hutiwa ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, na kopo huwekwa mahali pa baridi, mbali na jiko. Kunde na maharagwe huweza kuwa na mayai ya wadudu tangu shambani, kwa hiyo huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa.

Wala mbegu zote hazina maisha sawa. Ya nyanya huweza kudumu miaka minne ikihifadhiwa vema. Ya kitunguu hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili. Kabla ya kupanda, mbegu 10 huviringishwa katika kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja hivi. Zikiota nane, shamba lina tumaini. Zikiota tatu tu, ni heri kutafuta nyingine mapema, wakati jirani bado anazo za kugawa.

Akiba haiozi, husema watu. Akiba ya mbegu huoza, isipokauka na isipotunzwa. Bali mwenye kopo lake la bahasha zilizoandikwa vema hujua anachokipanda, na watoto wake watajua pia.