Nukta nyekundu haioneshi nani yuko ndani ya mahindi



Katika mkutano uliopita, vijana wa upande wa Bunyakiri walituuliza kama sanduku la MUSO linaweza kuwakopesha franga za kununua kioo cha kulengea, kile chenye nukta nyekundu, cha kufunga juu ya bunduki ya kuwinda ao juu ya upinde. Tunaelewa sababu. Nguruwe pori wakiingia katika mihogo usiku mmoja, asubuhi mama anakuta kazi ya miezi mingi imepinduliwa. Nyani nao wanakuja mchana kweupe, hata haya hawana. Lakini sisi tunasema hapana, na tunataka kueleza kwa nini.

Kile kioo si tochi, na hakivuti vitu karibu kama darubini. Ndani kuna taa ndogo sana inayopiga kwenye kioo, kioo kinairudisha kwenye jicho lako, basi unaona nukta. Nukta inakuambia bunduki inaelekea wapi. Haikuambii kilicho mbele yake ni kitu gani.

Tulijaribu. Kijana mmoja alikuwa na kioo chake tayari. Tulikichukua peke yake mkononi, bila bunduki, jioni giza limeshaingia. Watu wawili waliingia katika mahindi: mmoja aliinama kama mtu anayepalilia, mwingine alishika mbuzi kwa kamba. Kijana alitazama, nukta ikawaka vizuri kabisa, tena ikawaka sana hadi ikafunika kile alichokuwa anatafuta. Tukamuuliza mbuzi yuko wapi. Alionesha yule aliyeinama. Watu walicheka, halafu wakanyamaza, maana usiku jirani naye analinda shamba lake.

Mwenye kibali cha uwindaji, kama sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inavyoomba, na karatasi za silaha yake, anunue kwa franga zake mwenyewe. Huyo tunamwambia asidanganywe na kung'aa. Kalibre 12 inapiga bega kwa nguvu, na kioo hafifu kinasogea kidogo kidogo: nukta inabaki mahali pake, risasi inaenda pengine. Achague kile kinachofungwa kwa skrubu imara, kinachovumilia mvua bila kuingia ukungu, chenye mwanga unaoweza kupunguzwa, na kinachotumia betri anayoipata sokoni, maana betri ikiisha nukta nayo imeisha. Akishakifunga, akipime kwa umbali anaoujua, na akipime tena kila kinapoanguka. Juu ya upinde faida ni ndogo zaidi. Mshale unashuka haraka. Nukta iliyopangwa kwa hatua 20 inakudanganya kwa hatua 40. Mzee aliyekua na upinde wake anajua hayo bila betri.

Na ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa tangu 1970, kibali hicho hakikusaidii kitu. Humo hakuna kuwinda, na ngagi waliobaki ni wachache.

Kuna jambo lingine ambalo kila mtu wa Kalehe analijua bila kuambiwa. Mtu anayetembea usiku na bunduki yenye kioo cha kulengea, hakuna atakayemuuliza kwanza kama ni mkulima. Wale wenye silaha, wa upande wowote, watamhesabu kuwa mpiganaji. Hatuwezi kumkopesha mwanamemba franga za kumtia katika hatari hiyo, halafu tungoje alipe na faida.

Tunapendekeza mkopo huo uende kwa tochi kubwa, mabati ya vibanda vya walinzi, na posho kidogo kwa wanaokesha kwa zamu, na mashamba yanayopakana yalindwe pamoja, si kila mtu peke yake na fimbo yake. Nguruwe wataendelea kuja. Kelele na mwanga wanavizoea, kwa hiyo walinzi wabadilishe mahali na saa.

Komite itakata shauri katika mkutano ujao. Kila kikundi kilete hesabu: mistari mingapi ya mihogo iliharibiwa, usiku gani, na wanyama waliingilia upande gani.